Jina la Kanga ya Sikudhani

Mtu akiniletea picha, siitazami picha kwanza. Natazama mikono. Mwenye picha halali hukishika kifaa chake ovyo, kama alivyozoea kukishika nyumbani. Mwenye picha ya kupika hukishika kama amebeba yai. Miaka kumi na tisa nimekaa dirisha namba tatu la Kituo cha Ugeuzi hapa Korogwe, na nimeletewa uongo wa kila namna: babu aliyepachikwa kwenye harusi ambayo hakualikwa, shamba lililohamishwa kutoka bondeni hadi kando ya barabara, bibi harusi aliyefutwa na mke mwenzie lakini kivuli chake kikasahauliwa ukutani. Naitwa Siwema, na kazi hii imenifanya nilistahili jina langu.

Bi Mwanjaa Semboja alikuja Jumatatu asubuhi, wa nne kwenye foleni. Alikuwa amekishika kifaa chake kwa mikono miwili, chini ya mtandio. Nikasema moyoni, haya, huyu naye kapika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo mnapogeuza jepegi?"

"Ndipo. Ni ya lini?"

"Mwezi wa nne mwaka huu. Siku tisa kabla mwanangu Sikudhani hajafa."

Nikampa pole, lakini pole yenyewe niliitoa kwa kipimo. Wapo wanaoua ndugu zao pale dirishani ili foleni iwahurumie. Na lilikuwapo jambo jingine la kutia shaka: mwezi wa nne mwaka huu nani alikuwa bado anapiga jepegi? Vifaa vyote vipya vinapiga maana moja kwa moja. Ukikuta jepegi changa, ujue kuna mtu aliitaka iwe jepegi kwa makusudi, na mara nyingi makusudi yenyewe si mema.

"Kwa nini hakupiga maana kama watu wote?" nikamuuliza.

"Nilimpiga mimi, kwa kifaa changu cha zamani. Vya nyumbani kwa mumewe vina midomo. Ukipiga picha uani, kioo cha sebuleni kinaisimulia kabla hujaingia ndani."

Hilo lilikuwa kweli. Jepegi ni bubu. Ni vidoa tu, mamilioni ya vidoa, kila kimoja na rangi yake, na hakuna kidoa kinachojua kama kipo kwenye uso wa mtu au kwenye ukuta. Faili la maana halina kidoa hata kimoja. Lina orodha: mwanamke, umri fulani, kigoda, ua wa nyuma, jua la saa nne. Ukilifungua, kioo huichora picha upya kutoka kwenye orodha hiyo, safi kabisa, na ukitaka hukusomea. Watu waliipenda kwa hilo. Halafu ikaja ile miaka ya picha za uongo, kila kesi na picha mbili zinazopingana, sheria ikaamua kwamba barazani haiingii picha yoyote isipokuwa maana yenye lakiri. Na lakiri ikishagongwa, jepegi yake inafutwa, isije ikarudi kugombana nayo.

"Unaipeleka wapi?"

"Baraza la Malezi, Alhamisi. Wanaamua mjukuu wangu Saumu alelewe na nani. Ana miaka sita. Niko naye tangu mama yake alipoanza kuugua koo. Sasa baba yake amehamishiwa Kigoma, kwenye reli, na anamtaka."

"Si baba yake?"

"Ni baba yake, sikatai. Lakini kila mwezi wiki mbili yuko safarini na treni. Hizo wiki mbili mtoto atalelewa na kioo." Akasogea karibu na dirisha. "Sikudhani alilijua hilo. Lakini sauti ilikuwa imeshamtoka, na ujumbe wowote angeniandikia, kioo kingeusoma mbele ya mumewe. Kwa hiyo akaniambia kwa kanga."

Nikaifungua ile jepegi kwenye meza yangu. Mwanamke mwembamba, kichwa wazi, amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Ameitandaza kanga mapajani, ya bluu na njano, ameishika kwa mikono miwili ili jina lake litazame mbele. Hakuna anayekaa na kanga namna hiyo isipokuwa muuzaji. Macho yake hayatazami kanga, yanamtazama yule aliye nyuma ya kifaa, kama mtu anayeuliza, umeelewa?

Nikaisoma kwa macho. Siku hizi kusoma kwa macho ni kama kusuka ukili: wapo wanaojua, lakini hakuna anayewauliza. Vioo vinasoma vyote. Mimi nilifundishwa na bibi yangu kwenye kamba ya kuanikia, kanga moja baada ya nyingine, na aliyekosea alifua zote upya. Kidole gumba cha kushoto cha Sikudhani kilikuwa kimefunika herufi za katikati za neno la kwanza, cha kulia kimefunika za neno la mwisho. Neno la katikati lilikuwa wazi.

"Mwanangu mleziwe mama," nikasema.

Bi Mwanjaa akaniangalia kama nimemwita kwa jina lake la utotoni. "Unasoma?"

"Kidogo."

Akafungua mkoba, akatoa upande wa kanga uliokunjwa vizuri, bluu na njano. Jina lilikuwa lilelile, halina kidole juu yake. "Alinunua doti moja, akaikata. Upande akauvaa, upande akaniletea siku hiyo ya picha. Wewe ni mtu wa huku, unajua. Doti haigawanwi na yeyote tu."

Najua. Lakini najua pia kwamba kitambaa kinachapishwa popote kwa nusu saa, na nikamwambia hivyo. Hakukasirika. Alikunja kanga yake, akaiweka pamoja na kifaa kwenye sahani ya dirisha, akauliza arudi lini.

*

Sheria inataka pande zote mbili zisikie ugeuzi wa awali kabla ya lakiri. Jumanne saa tano walikuja wote. Mbaruku, mume wa marehemu, alikuwa mrefu, shati la kazi limepigwa pasi, viatu vimefutwa. Alimwamkia mama mkwe wake kwa heshima zote, macho chini, akakataa kukaa benchi moja naye. Bi Mwanjaa aliitika marahaba fupi. Nilimchunguza yule mwanamume kwa kila hila niliyonayo. Nilitaka kuona mtu mbaya. Kama angekuwa na pete tatu au kicheko cha ajabu ningefurahi, maana kazi yangu ingekuwa nyepesi. Nikaona mtu asiyelala vizuri, basi.

Bwana Hiza, mkuu wetu wa kituo, alisimama nyuma yangu kama anavyosimama kila penye kesi. Juu ya kichwa chake ukutani kuna maneno yaliyopakwa rangi tangu kituo kilipofunguliwa: MASHINE HAINA SHANGAZI. Yaani haina wa kumpendelea.

Nikaiingiza jepegi. Mashine ikanguruma kidogo, kisha sauti yake ikaanza kusoma kwa utaratibu wake.

"Mwanamke, miaka thelathini na moja. Kigoda cha miguu mitatu. Ua wa nyuma, mlango wa jiko. Kanga, bluu na njano, pindo la korosho. Jina la kanga: Mwenzangu mlezi wa mwana."

Kwenye kioo picha ikajichora. Sikudhani yuleyule, lakini ngozi imeng'aa, na vidole gumba vimesogezwa pembeni kwa adabu ili jina lionekane lote, herufi kubwa safi, bila kunjo.

Mbaruku alikuwa ameketi. Akasimama, akaketi tena.

"Nisomee tena," akasema.

Mashine ikarudia: "Mwenzangu mlezi wa mwana."

Akajifunika uso kwa kiganja. "Kumbe aliniamini," akasema, na sauti ikamkatika. "Miezi miwili ya mwisho hakunitazama usoni. Nikadhani ananichukia. Kumbe aliniamini."

"Si hivyo!" Bi Mwanjaa alikuwa ameshafika dirishani. "Si hivyo ilivyoandikwa! Mwanangu, mwambie. Jana ulisoma kwa mdomo wako, mwambie!"

Wote wakanigeukia. Mbaruku alikuwa na machozi wazi mashavuni, hakuyafuta. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Hiza akivuta pumzi kwa pua.

"Ugeuzi wa awali umesikika," nikasema, maneno ya kanuni. "Lakiri itagongwa kesho saa nne."

Sikuweza kumtazama Bi Mwanjaa. Nilijiona mnyonge kuliko siku yoyote niliyowahi kukaa kwenye kiti kile.

*

Watu walipoondoka niliomba mashine ionyeshe sababu. Huwa hatuombi. Ukurasa wa sababu upo kwa ajili ya mafundi, na umeandikwa tu, hausomwi kwa sauti. Katika miaka yote nilikuwa nimeufungua mara mbili. Safari hii niliusoma mstari kwa mstari, nikaenda nao ofisini kwa Bwana Hiza.

"Nisomee," akasema. "Miwani nimeiacha nyumbani."

Bwana Hiza hana miwani. Nimelijua hilo kwa miaka kumi na sikuwahi kumwaibisha.

"Inasema hivi, mkuu. Neno MLEZIWE halipo kwenye orodha ya majina ya kanga. Majina elfu nane yamo, hilo halimo. Kwa hiyo imelikata vipande viwili, mlezi na we. Halafu ikatafuta jina la karibu linaloanza MW na kuishia A. Imepata hilo. Inajiamini asilimia tisini na moja."

"Tisini na moja ni nyingi."

"Mleziwe ni neno, mkuu. Ni mlezi wake. Mume wake ni mumewe, mwana wake ni mwanawe, mlezi wake ni mleziwe. Bibi zetu walisema hivyo. Anasema, mwanangu, mlezi wake ni mama yangu."

"Mashine haina bibi."

"Ndilo tatizo lenyewe." Nikamweleza nilichofanya baada ya hapo. Bi Mwanjaa alikuwa ameniachia upande wake wa doti, nao nilikuwa nimeutandaza mbele ya mashine, mzima, hauna kidole juu yake wala kunjo. Mashine ikasoma: Mwanangu mlezi wa mama. Yaani mtoto ndiye amlee mama. Picha moja na kitambaa kimoja, na mashine imetoa majina mawili, yote ya uongo, kila moja kwa sauti ileile isiyo na wasiwasi.

Bwana Hiza alifunga mlango. Si mtu mbaya. Alinifundisha kazi, na mwanangu alipolazwa yeye ndiye aliyekaa dirishani kwangu wiki nzima.

"Dada Siwema, umegonga lakiri ngapi tangu uanze?"

"Elfu thelathini na moja, na kitu."

"Kuna walioolewa kwa hizo lakiri. Kuna waliofungwa. Leo ukiandika kwamba mashine inakisia na haisemi inapokisia, kesho wote hao watakuwa mlangoni. Utawaambia nini? Jepegi zao hazipo. Ulizifuta kwa mkono wako."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, na si kwa ajili ya watu wale tu. Nyumbani nina picha ya marehemu mama yangu akicheka sokoni Mombo. Niliigeuza mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi, kwa fahari. Ndani ya picha ile mama ana meno yote mbele. Nilisimama pale ofisini nikijaribu kukumbuka kama mama alikuwa na pengo, na sikuweza kukumbuka isipokuwa ile picha.

"Niambie nifanye nini, basi," nikamwambia.

"Gonga lakiri, nenda nyumbani."

Njia zilikuwapo nyingine, na usiku mzima, hapana, jioni nzima, maana baadaye nililala kama gogo, nilizigeuza kichwani nikikuna nazi. Kipo kitufe cha kuandikia. Ningeweza kufuta jina la mashine na kuandika la Bi Mwanjaa. Hilo ni kosa la jela, lakini si jela iliyonizuia. Herufi za katikati za neno la kwanza na la mwisho zimefunikwa na vidole. Nikiandika mama mahali ambapo jicho langu limeona M na A tu, nitakuwa nimefanya kilekile ilichofanya mashine. Ningeweza pia kuandika kwamba picha haigeuziki. Hapo isingeingia barazani kabisa, na mtoto angekwenda Kigoma bila mama yake kusikilizwa hata neno moja.

Ikabaki njia ya doa. Doa ni kitu ambacho mashine imekosea au imeshindwa, na mgeuzi naye kwa macho yake ameshindwa. Kikitiwa alama ya doa, hakigeuzwi. Kinabebwa ndani ya faili jipya kama kilivyo, kidoa kwa kidoa, kwa ajili ya kutu, moshi, matope, vitu visivyo na jina. Ningeweza kuizungushia alama ile kanga. Vidole vingebaki mahali pake, MLEZIWE lingebaki wazi katikati, na kila mwenye macho angelisoma mwenyewe.

Ila doa lina kiapo. Mgeuzi anaweka kidole na kusema: Mimi nimekitazama kitu hiki na sikukitambua. Mimi, mjukuu wa Bi Nyange aliyefundishwa herufi kwenye kamba ya kanga, niape kwamba nimeona kanga na sikuijua inasema nini.

*

Jumatano saa nne kasoro, kabla Bwana Hiza hajafika, niliizungushia alama. Mashine ikauliza mara mbili. Nikaweka kidole, nikasema maneno ya kiapo polepole. Nikagonga lakiri. Ile jepegi ikafutika mbele yangu kuanzia juu kwenda chini, kichwa cha Sikudhani kwanza, mikono, kisha kigoda.

Bwana Hiza alipofika alisikiliza kumbukumbu ya asubuhi, kisha akaja dirishani.

"Wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe unayesoma kila kitu mpaka maandishi ya chini ya sahani. Wewe ndiye uliyeshindwa na kanga?"

"Imekunjika, mkuu."

"Mgeuzi wa doa huitwa barazani athibitishe kiapo. Unalijua hilo?"

Nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimejidanganya kwamba litakuwa jambo la dakika moja.

Bi Mwanjaa alikuja kuchukua upande wake wa kanga. Nikamwambia nilichofanya, kwa maneno machache, kwamba jina limebaki kama mwanawe alivyolishika.

"Basi watalisoma wenyewe," akasema.

"Mungu akipenda."

Kosa letu lilikuwa hapo, langu na lake. Sisi tunaosoma kwa macho tunasahau haraka sana kwamba wengine hawasomi.

*

Ukumbi wa Baraza la Malezi ni mdogo, madirisha makubwa, na siku ile ya Alhamisi kulikuwa na watu sita tu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Shemweta, ni mwanamke wa makamo anayesikiliza huku amefumba macho. Kulikuwa na karani wake, pande mbili za kesi, Bwana Hiza, na mimi. Saumu alikuwa nje na mwanamke wa ustawi wa jamii, nikimsikia akihesabu ngazi kwa sauti.

Bi Mwanjaa alisema yake. Mbaruku alisema yake, na alisema vizuri, bila kumtukana mtu. Alisema ameshaongea na shule Kigoma. Alisema mtoto akikua bila baba yake atamuuliza kwa nini.

"Tuisikie picha," akasema mwenyekiti.

Kioo cha ukumbini kikaanza. "Mwanamke, miaka thelathini na moja. Kigoda cha miguu mitatu. Ua wa nyuma, mlango wa jiko. Kitu kisichotambuliwa."

Mwenyekiti akafumbua macho. "Soma hicho kitu."

"Kitu kisichotambuliwa."

"Ni nguo?"

"Kitu kisichotambuliwa."

Akainuka, akaenda karibu na kioo, akaiinamia ile kanga. Alikaa pale muda wa kutosha mimi kuelewa. Alikuwa akitazama maua ya pindo, rangi, vidole vya marehemu. Alikuwa akitazama herufi kama mimi ninavyotazama injini ya gari.

"Hapa pana maandishi," akasema bila aibu. "Nani humu anasoma kwa macho?"

Bi Mwanjaa akanyoosha mkono.

"Wewe ni upande, mama yangu, siwezi kukuchukua. Mwingine?"

Karani akatikisa kichwa. Bwana Hiza alikuwa akitazama viatu vyake. Bi Mwanjaa akatandaza upande wake wa doti mezani, mwenyekiti akamwomba kwa upole aukunje, kitambaa hakina lakiri.

"Mheshimiwa," akasema Mbaruku, "juzi pale kituoni mashine ilisoma. Ilisema, mwenzangu mlezi wa mwana. Nimeisikia kwa masikio yangu, na mama hapa aliisikia."

"Ugeuzi wa awali si ushahidi. Ila kama hakuna mwingine wa kusoma, nitalazimika kuuzingatia." Akarudi kitini, akafumba macho. "Mgeuzi, thibitisha kiapo chako twende mbele."

Nikasimama. Nje Saumu alikuwa amefika ngazi ya kumi na moja, akakosea, akaanza tena moja. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema na ningerudi dirishani kwangu. Bwana Hiza aliinua macho akanitazama, na hakuwa ananitisha, alikuwa ananiomba.

"Mimi nasoma kwa macho, mheshimiwa," nikasema.

Mwenyekiti hakufumbua macho mara moja. "Hapa umeapa kwamba ulikitazama na hukukitambua."

"Niliapa."

"Uliapa uongo?"

"Niliapa uongo. Mashine ilikuwa imeandika jina ambalo halipo kwenye ile kanga. Sikuwa na njia nyingine ya kukuletea jina lenyewe."

"Unaelewa ukisoma sasa nitafanya nini? Nitaandika kwamba umeapa uongo. Kila picha yenye lakiri yako itafunguliwa upya."

"Naelewa."

"Zipo ngapi?"

"Elfu thelathini na moja."

Karani aliguna. Mwenyekiti akaninyooshea kiganja kuelekea kioo. "Soma. Na usinisomee unachokijua. Nisomee unachokiona."

Nilisogea. "Neno la kwanza, herufi M, W. Halafu kidole, sioni. Halafu N, G, U. Neno la pili liko wazi lote. M, L, E, Z, I, W, E. Mleziwe. Neno la tatu, M. Kidole. A."

"Na chini ya vidole kuna nini?"

"Chini ya vidole ninakisia. Nakisia mwanangu, na nakisia mama. Mwanangu mleziwe mama. Lakini mleziwe sikukisia. Mleziwe nimeliona, na mashine ililiona pia ikalikataa kwa sababu hailijui. Kwa neno hilo, jina lililosomwa juzi haliwezekani."

Mbaruku akainuka kitini.

"Dada," akaniambia, "nionyeshe hilo neno."

Mwenyekiti hakumzuia. Akaja mpaka kwenye kioo, mrefu, ikabidi ainame. Nikamwonyesha linapoanzia na linapoishia. Akaweka kidole chake juu ya M, akakisogeza taratibu mpaka E ya mwisho, kama mtu anayepapasa mshono.

"Kanga hii aliivaa nyumbani wiki nzima," akasema. Hakuwa akimwambia mtu. "Asubuhi, jioni, wiki nzima mbele yangu. Nilimwambia imempendeza."

Bi Mwanjaa aliinuka, akataka kumshika bega, akakumbuka kwamba ni mkwe wake, mkono ukabaki hewani.

"Mbaruku," akasema mwenyekiti, "una pingamizi juu ya usomaji huu? Unayo haki. Msomaji huyu amekiri uongo mbele yangu."

Kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo.

"Sina, mheshimiwa. Likizo zangu nitakuja. Mtoto mwandikie bibi yake."

Mwenyekiti akamwamuru karani, na uamuzi wa Saumu ukaandikwa na mashine kwa sentensi nne. Karani alipomaliza, Mheshimiwa Shemweta akasema, "Fungua jalada jipya," akanigeukia, macho yamefumbuka kabisa, akaniuliza jina langu kamili.